Kibuyu cha Mpunga

Ti. Ti. Ti. Matone ya maji juu ya bashi, turubai letu la kuanikia. Mpaka leo nayasikia. Na mvua haikuwepo, niaminini: hapa kijijini Wamaza tulikuwa na jua juma zima, ndiyo maana niliuanika mpunga wetu uani. Mutu atasema niliota. Nani anaota saa sita ya mchana, fimbo ya kufukuzia kuku mkononi?

Wengine walikuwa shambani. Mimi namuwaza yaya, kaka yangu mkubwa, anayeuza mashati Msumbiji. Nyumba yake iko mchangani, hatua chache tu na bahari. Asubuhi nilipanda kilimani kutafuta rezo ya simu, nikakuta ametuma picha: kimbunga kiko baharini, na wenye kupima hali ya hewa wamechora mstari mwekundu, njia yake ya siku tano zijazo. Kuuzunguka kulikuwa na kitu cheupe kama kibuyu, shingo nyembamba, tumbo pana. Nikampigia kuuliza ni nini. Akacheka, eti mudogo wake asijisumbue, atazame mstari tu, unapita mbali.

Basi, ti, ti, ti. Nageuka: mwanamke amesimama kando ya bashi, kikwembe kinachuruzika maji. Kuku wote wamekwisha kimbia. Nikamkaribisha, nikampa kiti na kopo la maji. Kopo akalirudisha.

"Maji nilikunywa mingi, binti yangu."

Ungefanya nini wewe? Mimi na udadisi wangu nikauliza anatoka wapi. Akachota mpunga kwa mikono miwili, akaumwaga taratibu: mwanzo mwembamba, kisha mpana, mpana zaidi. Kibuyu! Kile kile cha kwenye simu. Akaweka kidole shingoni.

"Leo upepo iko hapa. Hii inajulikana." Kidole kikateremka tumboni. "Siku ya tano, iko pahali popote humu ndani. Mustari haiko njia. Njia ni kibuyu kizima. Sisi tuliangalia mustari."

Nikakumbuka picha. Mji wa yaya ulikuwa mbali na mstari, ndiyo, lakini ndani ya tumbo. Nilipoinua macho, kiti kitupu. Vumbini hakukuwa na nyayo, matone tu, nayo yaliishia katikati ya uwanja.

Nilikimbia kilimani, mpunga nikawaachia kuku, nikampigia yaya nikamweleza habari ya kibuyu.

"Na hayo nani amekufundisha," yaya aliuliza, "kuku?"

Nikalia. Kwa ajili ya machozi yangu, si kwa ajili ya kibuyu, alikubali kulala kwenye shule iliyo juu mpaka siku tano zipite. Usiku wa nne kimbunga kilipinda. Nyumbani kwake alikuta mwimo mmoja wa mlango. Tangu hapo hanitanii tena habari za kuku.

Mpunga alioushika yule mama haukukauka tena, hata kwa jua lile. Mama yangu alionja punje, akatema: chumvi. Akaniamuru niutupe. Nanyi mlio na ndugu kando ya bahari, msiwaulize mstari unapita wapi. Waulizeni kama wako ndani ya kibuyu. Na mgeni akija ameloa kwenye jua kali, mpeni kiti kwanza.

Nilimwambia mama nimeutupa. Siku aliyokwenda sokoni, nikautwanga, nikapika kiganja kimoja bila kutia chumvi. Bahari sijaiona hata siku moja. Nikala polepole, mpaka punje ya mwisho.