Jina Nililotaka Lizikwe Nami

Kazi yangu ni kuwasema marehemu. Kila Jumamosi alasiri, katika studio ndogo katikati ya jiji, ghorofa ya juu ambako lifti hufika ikijisikia, mimi huketi mbele ya maikrofoni na kusimulia maisha ya mtu mmoja wa kale. Wema nawasimulia pia, ila wabaya ndio wanaopendwa. Nimemsimulia mfalme wa Ulaya aliyeifanya Kongo nzima shamba lake bila kuikanyaga hata mara moja, huku watu wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira wake. Nimemsimulia malkia wa Angola ambaye Wareno walimnyima kiti, akamwinamisha mjakazi wake, akamkalia mgongoni, na kikao kikaendelea. Simu zilipofunguliwa siku hiyo, mwenye duka la vipuri vya magari alitaka kujua mjakazi alikaa vile kwa muda gani na kama alipewa maji baadaye. Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, na sikuwa na jibu.

Nina masharti yangu. Simpambi mtu wala simchafui. Naanza na jambo dogo alilopenda kulifanya kila siku, halafu namwacha atembee mwenyewe mpaka kwenye damu. Msikilizaji akishampenda kidogo, ndipo anaposhtuka. Wenzangu studioni husema nina roho ngumu, na mimi husema asante.

Lakini kuna mmoja ambaye sikuwahi kumsimulia. Alikuwa chifu wa serikali ya kikoloni upande huu wa magharibi mwa Nairobi, wakati huku kulikuwa mashamba na wala si vyumba vya kupangisha. Alikuwa babu yangu. Na kwa kuwa mimi ni mwana wa kwanza wa mwanawe wa kwanza, jina lake ndilo langu. Kwetu jambo hili halina mjadala: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili huchukua la babu mzaa mama. Ndivyo waliokufa wanavyorudi nyumbani, hata wale ambao hakuna aliyewaalika. Redioni natumia jina la ubatizo peke yake. Jina lote liko kwenye kitambulisho, na kitambulisho hakisikiki hewani.

Mimi nilimjua akiwa mzee aliyestaafu. Jumapili kabla ya kanisa alinikata kucha kwa kisu kidogo cha kukunja, akipuliza kila kidole akimaliza na kuniuliza kama kimeuma. Nilimpenda. Alipokufa nilikuwa bado mtoto, nikalia mpaka nikashikwa na homa. Yaliyobaki niliyakusanya ukubwani, kidogo kidogo, kutoka kwa watu waliokuwa wakinyamaza nikiingia mlangoni. Wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, alichoma nyumba huku wenyewe wamesimamishwa watazame. Aliwahamishia watu kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge, akawatoa wanawake alfajiri wachimbe handaki la kukizunguka, na aliyenyoosha mgongo alichapwa. Wanaume waliokuwa kizuizini waliporudi walikuta mashamba yao yana mwenyewe, na mwenyewe alikuwa yeye. Mimi nilisomeshwa na mashamba hayo.

Kwa hiyo nilikata shauri zamani: jina hilo litazikwa nami. Nina binti mmoja tu, sina mtoto wa kiume, nikaona Mungu amenirahisishia kazi. Binti akaolewa, akazaa mvulana, akaitwa jina la baba wa mume wake kama inavyotakiwa, nikacheza kwenye sherehe mpaka goti likavimba. Kisha akashika mimba ya pili. Wenzangu huomba mjukuu azaliwe mzima. Mimi niliomba azaliwe mzima na awe msichana.

Alikuwa mvulana. Tulimkuta mama yake hospitalini Parklands, amechoka na anacheka, na kabla sijavua koti akaniwekea mtoto mikononi.

"Salimia jina lako, Dadi."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Mtafutieni jina lingine. Hilo linaishia kwangu."

Mke wangu alikuwa akimimina uji kutoka kwenye themosi. Akaacha. Mume wa binti yangu, kijana mpole, akakumbuka kwamba hajalipia gari mahali alipoliegesha, akatoka.

"Unajua watu watasema nini?" binti yangu akauliza. "Watasema guka, babu yake mwenyewe, amemkataa mtoto."

"Waseme."

"Na huyu akikua aniulize mbona kaka yake ako na jina ya guka na yeye hana, nitamwambia nini? Kwani amekukosea wapi? Hata macho hajafungua!"

Akageukia ukuta akalia, na mimi nikakasirika kama mtu anavyokasirika mwenzake akiwa na haki. Kwetu kumnyima mtoto jina la babu mzaa mama ni kumwambia mama yake kwamba upande wake hauhesabiki. Nilijua hivyo. Lakini pia nilimtazama yule kiumbe mwekundu aliyekunja ngumi, nikaona siku moja ataingia mahali na watu watanyamaza, naye hatajua kwa nini. Sikuweza kukubali.

Kwenye korido mke wangu alinishika mkono wa shati. "Kila Jumamosi unahukumu waliokufa. Sasa umeanza na wanaozaliwa?"

Nilikuwa nimeshapata hila. Mama mzazi wa mume wa binti yangu ni mjane, anakaa Kabiria, na nilijua kwamba alikulia katika kijiji kile cha seng'enge. Hatukuwahi kulizungumzia. Tangu tupate mjukuu wa kwanza tuliitana Guka na Shosho, babu na bibi, kama wakwe wengine, na kwa miito hiyo kila mmoja alimsitiri mwenzake vizuri. Nikawaza: niende nimweleze waziwazi jina hili ni la nani. Atalikataa. Akilikataa yeye, mwenye maumivu, binti yangu hatakuwa na neno, na mimi nitakuwa nimemaliza.

Nilikwenda siku ya pili. Nyumba yake ni ya mawe, fupi, imebanwa na maghorofa ya wapangaji pande zote mpaka jua linamfikia kwa zamu. Nyuma ana sukuma wiki na kuku wachache wanaomheshimu. Alikuwa kwenye kigoda mlangoni akichambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, akinuia kumpikia mzazi.

"Shosho, nimekuja juu ya jina ya mtoto."

"Kula kwanza. Hiyo maneno yako haina miguu, haiendi mahali."

Nikala. Kisha nikamsimulia, na sikujua njia nyingine ya kusimulia isipokuwa ile ya kazi yangu. Nilianza na kisu kidogo na kucha. Nikamwambia nilimpenda. Nikaendelea na nyumba, seng'enge, handaki, viboko, mashamba, pasipo kumpamba na pasipo kumchafua, mpaka nikafika kwenye karo yangu ya shule. Sijui ni wangapi nimewasimulia maishani mwangu, lakini siku hiyo mikono sikujua niiweke wapi. Yeye aliendelea kuchambua njahi. Alitoa mawe, akayatupa, akatoa mengine.

"Umesahau filimbi," akasema nilipomaliza.

"Filimbi gani?"

"Alikuwa anavaa filimbi kwa shingo, lakini hakuipuliza. Ya nini? Mtu wa kwanza kumwona alikuwa anataja jina tu, na kijiji yote inanyamaza. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia. Mama alinifunza hiyo jina kabla hajanifunza kuomba. Ukiisikia, kimbia, usiangalie nyuma." Akatikisa ungo. "Siku walikuja kuchukua baba yangu nilikimbia vile nilifunzwa. Kwa hivyo sikumwona akienda. Na hakurudi."

Kuku mmoja alipanda kizingiti, akafukuzwa.

"Kumbe ulijua mimi ni nani," nikasema hatimaye.

"Siku tulikuja kwenu kuomba msichana, ulisimama kwa mlango na hiyo paji ya uso yake. Nikauliza jina yako yote, nikaambiwa. Nikakunywa chai yenu nikarudi nyumbani."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Kijana wangu amependa. Huyo msichana hakunichomea nyumba."

Nikashusha pumzi. Hapo ndipo nilipotaka tufike. "Basi tumeelewana, Shosho. Mtoto apewe jina lingine, na wewe ndiye utawaambia."

Akauweka ungo chini. "Nani ameelewana na wewe? Mtoto ataitwa hiyo jina."

Nilidhani umri umemchanganya, na nikaona haya kwa kudhani hivyo, kwa sababu macho yake yalikuwa makavu na yananitazama sawasawa. Nikamuuliza, kwa upole wa kijinga, kama ameshasamehe.

"Sijasamehe mtu. Usiniletee maneno ya kanisa, ni Jumanne." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Guka, sikia. Maisha yangu yote hiyo jina ikiitwa, ni mimi nakimbia. Niko na mvi na bado roho inaruka nikisikia mtu akiita mtoto wake hivyo sokoni Kawangware. Sasa nataka kuiita mimi. Niite, na ikuje."

Nilikuwa nimekuja na maisha ya mtu mzima mzima, yamepangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yeye alikuwa na sentensi mbili tu.

"Na kitu kingine," akasema. "Utaisema kwa redio. Yote, vile umeniambia, na kucha ndani, na filimbi. Na useme wewe ni nani. Huyu mtoto akikua asiambiwe na watu wakinyamaza. Ama unaogopa?"

Naogopa, nikamwambia. Akasema vizuri, niogope, lakini niseme.

Nilitoka Kabiria nimeshindwa, na ajabu ni kwamba nilitembea haraka. Siku kadhaa sikulala vizuri, lakini sikurudi nyuma. Meneja wa kituo alisoma mswada, akaniuliza kama nimezungumza na familia. Nikamwambia familia ndiyo iliyonituma. Jumamosi ilipofika nilifunga mlango wa studio, nikaanza na kisu kidogo cha kukunja. Nilisimulia kama nilivyomsimulia yule mfalme na yule malkia, kwa kipimo kile kile, na nilipofika mwisho nikataja jina la marehemu, kisha nikataja langu, lote, kwa mara ya kwanza hewani. Lilikuwa jina moja.

Simu hazikulia. Nikadhani watu wamezima redio. Kisha zikawaka zote pamoja. Mmoja alinitukana matusi ambayo tulilazimika kuyakata. Mmoja alitaja wafu wake, mmoja baada ya mwingine, akataka tu wasikike. Mzee mmoja alisema, "Nilikuwa huko," akakohoa, akakata. Baba mdogo wangu, mwana wa mwisho wa chifu, ambaye bado anakusanya kodi kwenye maghorofa yaliyosimama juu ya mashamba yale, alinipigia jioni akasema nimewavua nguo na nisikanyage kwake tena. Nikamwambia nimetaja jina langu mwenyewe, na hilo ni haki yangu. Mpaka leo hatusalimiani. Inaniuma, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, lakini ningeombwa kurudia ningerudia.

Binti yangu alisikiliza nyumbani Kileleshwa, mtoto kifuani. Hakusema mengi kwenye simu. Alisema, "Sasa kuja umsalimie vizuri." Nikaenda. Nikamchukua yule mvulana, nikamwita jina langu, na lilinitoka kinywani kwa shida kama mfupa wa samaki.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa anatembea, kwa mtindo wake wa kulevyalevya, na Jumapili moja tulikuwa sote Kabiria. Mimi nilikuwa ndani nikipashana habari na mke wangu, mtoto yuko nje akiwasumbua kuku. Shosho alitoka akasimama mlangoni. Aliita.

Sikuwahi kulisikia jina hilo likiitwa hivyo, kwa sauti kubwa ya mwanamke asiye na haraka, likapita juu ya paa za wapangaji. Mwili wangu ulinyanyuka kitini wenyewe.

"Si wewe," akasema bila kugeuka. "Kaa."

Nikaona kupitia dirisha. Mtoto aliwaacha kuku. Akaja mbio, akaanguka, akainuka bila kulia, akaja tena, mikono mbele, mpaka akayagonga magoti ya Shosho na kuishika leso yake. Shosho akamwekea mkono kichwani.

Kisha akaita tena, ingawa mtoto alikuwa ameshafika.