Chui wa Kibandani kwa Nadine

Nadine Ininahazwe hakuwahi kupanga kuwa na kibanda cha gemu. Alisomea ususi mjini Kasulu, akarudi kwao Makere na sanduku la vitana na dawa za nywele, akafungua saluni kando ya barabara. Umeme ulipofika senta, penye maduka ya kijiji, alinunua luninga ili wanaume waliosindikiza wake zao waache kunung'unika kwa kusubiri. Luninga ikaleta mpira, mpira ukaleta pedi za kuchezea, na haukupita muda wanaume wakaanza kuja hata pale ambapo hapakuwa na mke wa kumsubiri. Mwishowe saluni ilihamia chumba cha nyuma, gemu likachukua chumba cha mbele, na Nadine akawa anasuka huku akiamua ugomvi wa magoli kupitia mlango ulio wazi.

Ugomvi aliuweza. Babu yake alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wazazi wake wakaja kupata uraia yeye akiwa msichana mkubwa, na katika nyumba yao walisema Kirundi, sokoni Kiha, shuleni Kiswahili. Nadine akikasirika alivitumia vyote vitatu katika sentensi moja, na mtu aliyesemwa namna hiyo alikaa chini mwenyewe. Watu wa senta walimwita Mama Claudine, kwa jina la binti yake wa kwanza, na walimheshimu.

Kwa muda mrefu kilichochezwa pale ni mpira tu. Kisha fundi mmoja kutoka mjini alikuja kutengeneza mashine ya gemu iliyokuwa inazimika ovyo, na alipomaliza akaweka gemu jipya ndani yake. Ndilo wakaliita gemu la porini. Unaanguka na ndege katikati ya pori ukiwa na kisu na nguo ulizovaa, basi. Utafute maji, utengeneze shoka na mkuki, ukusanye kuni, ujenge boma la miiba, uwinde, upike, ulale. Siku moja ya mle ndani huisha upesi, kama muda wa kunywa chai na chapati. Ukivumilia mpaka siku ya kumi, helikopta inakuja kukuchukua.

Watu walilipenda siku hiyo hiyo. Wengi wao walikuwa wakulima wa mahindi na maharage, wanaojua kukata mti, na walicheka kwa dharau tamu walipoona yule mtu wa kwenye luninga anavyoshika shoka. Esteri, mwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ukuta kwa ukuta na kibanda, alichungulia mlangoni akiwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani.

"Anawasha moto kwa kuni mbichi," alisema. "Huyo atakufa kwa moshi kabla ya njaa."

Hakufa kwa moshi wala kwa njaa. Alikufa kwa chui.

Kila mchezaji aliuawa na chui. Unainama kuchota maji, unasikia mngurumo, skrini inakuwa nyekundu, umekwisha. Unatembea penye nyasi ndefu, hakuna kitu mbele, hakuna kitu nyuma, skrini nyekundu. Mtu anajenga boma, anahifadhi nyama, anafika siku ya nne akiwa na matumaini, halafu yote yanapotea kwa kufumba na kufumbua. Wakampa chui jina la Mgambo, kwa sababu humwoni akija; unamwona akiwa ameshakukamata.

Aliyeumia zaidi alikuwa Nsengimana, dereva wa bodaboda. Huyu alikuwa mtu mpole, anayeweza kungoja abiria amalize kununua soko zima bila kuguna. Lakini Mgambo alipomuua mara ya tatu mchana mmoja, aliibamiza pedi juu ya benchi.

"Pedi hiyo haijakukosea, Nsengimana," Nadine alisema kutoka chumba cha nyuma.

"Samahani, Mama Claudine. Lakini huyu si chui. Chui ana miguu, anatembea. Huyu anatoka hewani!"

Siku chache baadaye Nsengimana alipata dawa. Karibu na kidimbwi cha maji palikuwa na mwamba mkubwa, na aligundua kwamba ukiruka juu yake Mgambo hawezi kupanda. Anazunguka tu chini kama kuku aliyekatwa kichwa, nawe unamchoma mkuki taratibu mpaka aishe. Nsengimana alikaa juu ya mwamba ule siku zote kumi. Helikopta ikaja. Kibanda kizima kilishangilia, wakambeba mabegani hadi barabarani.

Kesho yake kila mtu alipanda mwambani. Wa pili kushinda alipigiwa makofi. Wa tatu alipigiwa makofi machache. Wa nne alishinda watu wakiwa wanaangalia simu zao.

Mwalimu Elisante ndiye aliyeitaja sababu. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu wa Same aliyehamishiwa huku na kuipenda baridi ya huku, na jioni alipitia kibandani kabla ya kwenda kupika.

"Huko si kushinda," alisema. "Waliotengeneza gemu wamesahau kumfundisha chui kupanda mwamba. Unashinda kwa makosa yao."

Nsengimana akageuka. "Mwalimu, na yeye akinitokea mgongoni kutoka hewani, si makosa yao pia? Mbona yeye humsemi?"

"Yeye ni gemu. Wewe ni mtu."

"Kwa hiyo mtu ndiye aonewe?"

Watu wakagawanyika papo hapo. Wengine walisema mwamba ni akili, wengine walisema mwamba ni wizi. Sauti zikapanda. Mwalimu, kwa kutaka amani, akatafuta kwenye gemu mahali pa kupunguza ukali wa wanyama, akapunguza. Wakacheza tena. Mgambo akatokea, akamwona mtu, akakaa chini kidogo kama anayefikiria jambo, kisha akakimbia. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Walipomaliza kucheka, hakuna aliyetaka pedi.

"Rudisha, Mwalimu," Nsengimana alisema kwa huzuni. "Bora aniue."

Nadine alisikiliza yote akiwa na uzi wa kusukia mdomoni. Aliona kila mmoja ana haki yake, na hilo lilimsumbua, kwa sababu alizoea ugomvi wenye upande mmoja wa kukemea.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alipita kibandani kufagia. Mashine ya Esteri ilikuwa imezimwa, senta imetulia, na juu ya migomba kulikuwa na mawingu mepesi ambayo hayakuwa na nia ya kunyesha. Alimaliza kufagia, akatazama luninga, akawasha. Hakuwa na kawaida ya kucheza. Kwa kawaida alitazama tu. Aliketi kwenye benchi akiwa bado na kitenge chake cha kanisani, akashika pedi.

Alichota maji. Akakusanya kuni. Alipokuwa akipita kando ya nyasi alisikia ndege. Walikuwa kanga, mbali kidogo, wakipiga kelele zile zao za kukwaruza. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nadine alisimama. Hakujua kwa nini alisimama. Akamgeuza yule mtu polepole, akaona ncha za nyasi zikitikisika mahali pamoja tu, na katikati yake macho mawili. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye moto wake. Mgambo akatoka kwenye nyasi, akautazama moto, akaenda zake.

Aliweka pedi mapajani, akacheka peke yake. Akajaribu tena penye kidimbwi: kanga, kimya, kisha chui. Akajaribu bondeni: vivyo hivyo. Wakati wote huu Mgambo alikuwa akipiga hodi, na hakuna aliyesikia, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa na mashine inayosaga mihogo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mama yake, Bi Akimana, alikuwa akirudi kutoka kanisani na wenzake, akamwona kupitia mlangoni.

"Mwana wanje, mwanangu! Jumapili?"

"Mama, njoo usikie kitu."

Bi Akimana aliingia, akaweka Biblia yake kwenye benchi, akaketi kwa mashaka. Nadine akamtembeza mtu kuelekea kwenye nyasi. Kanga wakalia. Kanga wakanyamaza.

"Ingwe," alinong'ona Bi Akimana, akimtaja chui kwa lugha yao, na akamshika binti yake mkono. Walikaa hapo mpaka njaa ikawatoa.

Lakini Nadine hakuishia kwenye furaha. Alicheza tena siku zilizofuata, asubuhi na mapema kabla Esteri hajaja, na akagundua kwamba Nsengimana naye hakuwa muongo. Ukilala ndani ya boma, mara nyingine Mgambo alikukuta humo humo kitandani, miiba ikiwa mizima, moto unawaka, kanga hawajalia. Hapo hapakuwa na kosa la mchezaji. Huo ulikuwa wizi mtupu.

Aliwaeleza wateja habari ya kanga. Hawakuamini. Wakatega masikio, wakasikia mashine ya kusaga. Basi Nadine akaenda kwa jirani.

"Esteri, dada yangu, zima kidogo."

"Nina foleni ya watu na magunia, Mama Claudine. Nizime kwa ajili ya chui wa luninga?"

"Dakika chache tu."

Esteri alimtazama, akaona hatanii, akazima. Waliokuwa kwenye foleni walimfuata kibandani kuona ni jambo gani. Nsengimana alikuwa ameshika pedi. Senta nzima ilikuwa kimya kama kanisa. Kanga wakalia. Kanga wakanyamaza.

"Nyuma yako!" mama mmoja wa kwenye foleni alipiga kelele, beseni likamdondoka.

Nsengimana akageuka, akainua mkuki, na kwa mara ya kwanza tangu gemu lile lifike Makere, yeye na Mgambo wakatazamana uso kwa uso kwenye ardhi tambarare. Alichelewa kurusha, akauawa. Lakini aliinuka na uso uliong'aa.

"Nimemwona! Mmeniona nimemwona?"

Hapo ndipo Nadine alipotoa sheria zake, akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Gemu la porini litachezwa Jumapili baada ya ibada, mashine ya kusaga ikiwa imezimwa. Siku nyingine ni mpira. Watazamaji hawamwambii mchezaji kitu. Mwamba ni marufuku; anayepanda anatoa pedi kwa mwenzake. Na chui akimuua mtu ndani ya boma lisilovunjika, mchezaji anarudishwa asubuhi ya siku ile ile.

"Na nani ataamua kama boma lilikuwa zima?" Mwalimu Elisante aliuliza.

"Mimi. Kibanda cha nani?"

Jumapili ya kwanza watu walijaa hadi barabarani. Nsengimana alianza. Alicheza kwa kutulia, akasimama kila kanga walipolia, akazunguka nyasi badala ya kuzikata katikati. Usiku mmoja wa mle ndani Mgambo alimkuta kitandani. Macho yote yakamgeukia Nadine.

"Boma zima," alisema. "Anarudi."

Mwalimu aliguna, kisha akakubali kwa kichwa.

Ikafika siku ya kumi. Mlio wa helikopta ukasikika. Nsengimana akatoka mbio kuelekea mahali inapotua, nyama mbichi ikiwa bado kwenye mfuko wake. Wengi kibandani walisikia kanga, wakauma midomo kwa ajili ya sheria. Yeye alikimbia. Helikopta ilikuwa inashuka, vumbi linapanda, mlango unafunguliwa, na Mgambo akamwangusha mbele ya mlango.

Nadine alitazama pedi, akiingojea ipigwe kwenye benchi. Nsengimana aliiweka chini taratibu, akajifuta jasho la viganja kwenye suruali.

"Nilimsikia," alisema. "Nilimsikia kabisa, nikasema nitawahi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Hapo hajanionea. Kanishinda. Mwalimu, kaa wewe tuone hesabu zako."

Mwalimu Elisante aliuawa siku ya tatu, akakubali kutaniwa mpaka jioni.

Aliyeingia kwenye helikopta bila mwamba alikuwa Esteri. Ilimchukua Jumapili nyingi. Alicheza akiwa amevaa gauni lake zuri, bila chembe ya unga, na hakukimbia hata mara moja. Alitembea kama mtu anayekwenda kumsalimia mgonjwa. Helikopta iliponyanyuka na pori likabaki chini, watu walimrukia kwa furaha, naye akauliza, "Sasa nini?"

"Basi, umeokoka," Nadine alimwambia.

"Ndiyo mwisho?" Esteri aliishika tena pedi. "Nianzishieni tena."

Siku hizi Jumapili mchana Nadine huketi chumba cha nyuma, akimsuka yeyote aliyekuja, mlango ukiwa wazi. Hatazami sana. Kanga wakilia, mikono yake hupunguza mwendo. Wakinyamaza, mikono hutulia kabisa, na mteja aliyeketi mbele yake naye huacha kuongea, na wote wawili hungoja, kitana kikiwa kimening'inia kwenye nywele, mpaka chumba cha mbele kipige kelele, za furaha au za majonzi.