Jumba la Jangwani Nililomwambia Mama ni Langu

Msinitafutie sababu, kosa ni langu. Nilimdanganya mama yangu mzazi kuhusu nyumba, na leo mama hana nyumba.

Mimi ni msusi, mzaliwa wa Lubumbashi, naishi Berea hapa Johannesburg. Chumba tunapanga watu watatu, tumekigawa kwa mbao nyembamba. Ukikohoa, jirani anakupa pole.

Mwaka jana mteja wangu mmoja, mwimbaji maarufu ambaye jina silitaji, alinichukua hadi kwenye jumba lake huko jangwani, Kalahari, nikamsuke kabla ya sherehe yake. Jamani, yule dada ana nyumba. Kuta za rangi ya mchanga, bwawa la kuogelea katikati ya ukame bila aibu, vyumba vingi hadi nilipotea nikitafuta choo. Madirisha ni makubwa, na nje huoni kitu ila mchanga mwekundu na mbingu.

Nikamuuliza kwa nini mbali hivyo, na uwezo wa kukaa Sandton kwa matajiri anao.

"Eish, dada," akacheka. Akaniambia amekulia Alexandra kwenye kibanda cha mabati, wamelala wengi kitanda kimoja, wakisikia ugomvi wa kila jirani. "Nilijiambia siku moja nitalala mahali ambapo hata mbwa wa mtu sitamsikia." Ndoto yake yote ilikuwa kimya.

Nikapiga picha mlangoni, mkono kiunoni kama mwenye mali, nikamtumia mama. Alipopiga simu kuuliza ni kwa nani, mdomo ukanitangulia. Nikasema ni kwangu, mama, nimejenga. Hata hadithi ya kutafuta kimya niliiba, nikaisimulia kama yangu. Wenzangu wameshawajengea wazazi wao, na mimi kila Krismasi natuma salamu tu. Nilichoka kuwa yule ambaye hajafika popote. Mama alilia kwa furaha.

Nilidhani itaishia hapo. Kumbe mdogo wangu wa kiume alikuwa anaoa. Kwenye kikao cha mahari, baba wa binti akauliza mtoto wake ataishi wapi. Mama akasimama, akaonyesha ile picha, akasema nyumba yake ya Katuba, kule Lubumbashi, anawaachia maharusi, kwa sababu yeye binti yake amemjengea. Wazee wa pande zote mbili wakapiga makofi. Na kwetu, neno ulilolitoa mbele ya wakwe hulirudishi. Ukilirudisha, umemvua nguo kijana wako.

Niliposimuliwa ningeweza kusema ukweli. Nikasema moyoni nitapata njia. Njia gani, mjinga mimi?

Mama akaja kwa basi, amevaa kitenge kipya, amebeba mapazia aliyoyashona mwenyewe kwa ajili ya madirisha yale makubwa. Nikampandisha ngazi taratibu, maana lifti ya jengo letu ilikufa zamani. Akakaa kitandani, akaangalia huku na huku.

"Mwanangu, ni hapa njo unaikala?" akauliza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nilitamani anitukane, hata anizabe kofi. Aliuliza tu viatu vyake aviweke wapi.

Sasa yeye analala kitandani, mimi chini. Mapazia bado yamo kwenye mfuko wake. Kurudi hawezi, mkwe ameshaingia nyumbani na chumba alichokuwa akilala mama kina wenyewe.

Lakini kinachoniua si hicho. Huyu ni mama wa kanisa, aliyenichapa nikiwa mtoto kwa kusema nimenawa mikono na sijanawa. Jumapili iliyopita wanawake wenzake wa kanisani walimpigia simu. Nilikuwa nasonga ugali, nikamsikia.

"Nyumba iko muzuri sana, bamama. Ni upepo tu njo iko mingi huku jangwani."

Akakata simu, akageukia ukutani ili asinione. Ugali uliungua na sikuujali.

Wewe uliye ugenini, unayepiga picha sebule ya bosi na gari la mteja, piga, lakini sema ni vya nani. Usidhani uongo huo ni mzigo wako peke yako. Mimi nilidanganya mara moja. Mama yangu anadanganya kila wakimpigia simu, na anafanya hivyo ili mimi nisiaibike.