Aliyetumwa kutufuatilia Bariadi aliishia kwenye kikao cha mahari

Wakuu, mwangaluka! Wa pwani jibuni mnavyoweza.

Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nikiongeza chumvi, memori kadi zangu zote ziungue.

Mimi napiga video hapa Bariadi: harusi, kipaimara, misiba. Mwaka jana nikapata kazi ya maana, documentary ya akina mama wanaotetea wajane wanaonyang'anywa mashamba. Kiongozi wao nitamwita Mama Kabula.

Tatizo, tulikuwa tunafuatiliwa.

Kijana mmoja mtanashati, lafudhi ya Tanga, kila asubuhi anapaki pikipiki mbele ya geti la Mama Kabula na kufungua gazeti. Gazeti lilelile wiki nzima, aisee! Mtaa mzima ulijua katumwa na serikali, ila hakuna aliyesema.

Sisi tulikuwa tunacheka, lakini mjane tuliyemtegemea kwenye interview akagoma. "Mwanangu," aliniambia, "yule wa pikipiki akiwafuata mpaka kwangu, shemeji zangu watasikia siku hiyohiyo. Siongei." Na shemeji zake walikuwa wameshaanza kulima upande mmoja wa shamba lake. Bila yeye filamu ilikuwa maneno matupu. Iliniuma sana.

Sasa, Ijumaa wakaja baba wadogo wawili wa Kabula kutoka Mwanhuzi. Kabula ni binti wa mama huyu, nesi, hajaolewa. Wazee wakamkuta jamaa getini, wakauliza majirani. Huyu anakuja kila siku? Kila siku. Anashinda hapa? Kutwa.

Wakuu, kwetu mwanaume anayeshinda kwenye geti la nyumba yenye binti ana jambo moja tu.

Wakamsogelea, wakamuuliza kwa Kisukuma kama amefuata binti. Jamaa Kisukuma hajui hata cha kuombea maji. Akatabasamu, akajibu, "Ndiyo, wazee wangu."

Basi. Wakamshika mkono mpaka sebuleni, wakaagiza kuku achinjwe. Angejitetea vipi? Aseme yuko kazini?

Mama Kabula akanikonyeza. "Beba kamera." Tukatokea mlango wa nyuma, mbio kwa mjane.

Mjane alipoona hatufuatwi, aliongea saa nzima. Alitaja mipaka ya shamba, mti kwa mti, na majina ya waliomwingilia. Mwisho akauliza yule wa pikipiki yuko wapi. Mama akamwambia, "Anaposa." Mjane alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Mimi nilitoa machozi kidogo, sifichi.

Tuliporudi tukakuta jamaa anatoka jasho, kuku hajaguswa, wazee wamefika ng'ombe ishirini na tano. Mara Kabula akaingia, katoka kazini.

Aliwaka! "Mama anatetea wanawake huko nje, humu ndani mnanipangia bei bila kuniuliza?" Akamgeukia jamaa. "Na wewe, hata jina langu unalijua?"

Sijui ni woga au mazoea ya kazi. Jamaa alisimama wima, akataja majina matatu ya Kabula, mwaka aliozaliwa, shule zote alizosoma, zamu zake za wiki ile, na kwamba chai anakunywa bila sukari.

Nikajua yamemwagika.

Baba mdogo mmoja akajifuta macho. "Kabula mwanangu," akasema, "huyu anakupenda kweli."

Kabula alimwambia jamaa amalize kuku aende zake. Akaenda, na hakuonekana tena. Filamu ilipooneshwa kwenye mkutano wa kijiji, wale shemeji wakaondoa majembe yao wenyewe. Mjane msimu huu kapanda pamba shamba zima.

Nilichojifunza: ukitumwa kusikiliza watu, anza na lugha yao. Na ukiulizwa usichokielewa, usiseme ndiyo.

Haya, nani mwingine aliwahi kuposa bila kujua? Tiririkeni, msione aibu.