Tochi Juu ya Bega la Mama

Jana waya wa pasi uliungua chumbani mwangu, na harufu yake ikaniweka macho nikijiuliza swali la utotoni: je, baba aliona aibu jioni ile? Halina faida tena, lakini maswali ya namna hiyo hayaniachi.

Mama alikuwa mkunga mwenye pikipiki kuukuu. Jirani alikuja kwa baiskeli kusema kwamba mwanamke ameshikwa na uchungu huko Kisian, na giza lilikuwa linakaribia. Mama akawasha taa ya mbele. Alipogeuza usukani kushoto, fyuzi ikakatika. Akaweka ya mwisho, nayo ikakatika vilevile.

"Ifunge kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, Mama, uende," baba akamwambia.

"Fyuzi inakatika ili waya usiungue," mama akamjibu.

Hata hivyo mama akaifunga. Moshi ukatoka chini ya tangi, naye akachomoa haraka nyaya za taa. Injini ilikuwa nzima. Mwanga ndio haukuwepo.

"Baba, chukua tochi ukae nyuma," mama akamwambia.

Baba alikuwa amewaapia wenzake kwamba hatabebwa na mke kwenye pikipiki.

Jirani akacheka. "Mzee, leo utabebwa kama gunia la dagaa wa omena!"

"Watacheka kesho," mama akasema. "Mtoto anakuja leo."

Baba akachukua tochi. Kisha akakunja suruali, akapanda, akamshika mama kiunoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaiinua tochi juu ya bega la mama.

"Twende," akasema.