Dhahabu Kwenye Udongo wa Mwezi

Lavada Krenek alidharau watu kwa mpangilio. Wa kwanza walikuwa wanasiasa, wa pili wakubwa wa maabara, wa tatu wageni waliobandika pua kwenye kioo na kuuliza kama udongo wa mwezi unanuka. Wanaanga aliwaweka mwisho, maana angalau walikwenda wakarudi na kitu mkononi, lakini hata hao alisema walichota udongo kama watu wanaotafuta minyoo ya kuvulia samaki. Pale Houston, kwenye maabara ya udongo wa mwezi, hakuna aliyepona mdomo wake, na yeye hakuona kwa nini mtu apone.

Alizaliwa mji wa Alvin, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kazini, binti wa mkulima wa mpunga ambaye babu zake walikuwa Wacheki. Aliingia maabara akiwa na miaka ishirini na mitano, akidhani anashikilia hapo tu mpaka apate kazi ya maana. Akashikilia miaka arobaini na mmoja. Kazi yenyewe ukiieleza inachosha hata kuisikiliza. Unavaa nguo nyeupe za nailoni kutoka utosini mpaka kisigino, unapulizwa upepo mlangoni ili vumbi la dunia likutoke, kisha unaingiza mikono kwenye glavu nene zilizoshikizwa ubavuni mwa sanduku la chuma lenye dirisha. Ndani ya sanduku hamna hewa yetu hii, mna naitrojeni tupu. Hapo unapima udongo wa kijivu kwa kijiko kidogo, siku nzima. Ukimwagika unafagiliwa, unapimwa, unapewa namba yake. Jamaa zake wa Alvin walimuuliza kila Krismasi kama ameshaushika mwezi.

"Sijaugusa hata mara moja," aliwajibu. "Ndiyo maana bado ni mwezi. Ungekuwa mikononi mwenu nyie ungekuwa matope."

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni keki. Kila baada ya miaka kadhaa rais mmoja alisimama mahali akatangaza kwamba tunarudi mwezini, na wiki hiyohiyo wakubwa walileta keki ofisini, imechorwa mwezi wa sukari. Halafu rais akaondoka, safari ikafutwa, na waliokula keki wakajitia hamnazo. Lavada alikuwa ameshaona keki nne. Kwenye droo yake alihifadhi beji za safari nne ambazo hazikuvuka hata uzio wa maegesho ya magari. Keki ya tano ilipoletwa, alichukua kipande, akakikagua juu chini, akakiweka kwenye pipa la taka mbele ya aliyemkatia.

Ila usidanganyike na mdomo wake. Alikuwa na miaka sitini na sita, goti moja limekwisha, pensheni ilikuwa inamsubiri, na bado kila mwaka aliomba aongezewe mwaka mmoja. Alitaka siku udongo mpya utakaposhuka, wa kwanza kuupokea awe yeye. Si kijana mwenye shahada tatu. Yeye, kwa mikono yake. Hilo hakumwambia mtu, maana angekuwa kama wale wa keki. Na barua ya kumwongezea mwaka ilitiwa sahihi na mtu mmoja tu, mkuu wa maabara, Dakta Thayer Colquitt.

Colquitt alikuwa mtu wa mikutano. Alijua kuusifia mwezi vizuri sana mbele ya kamera, lakini Lavada aliapa kwamba ukimmwagia mezani udongo wa mwezi na majivu ya jiko la nyama, angechagua majivu kwa sababu ni mengi. Alinenepa tangu apewe ukuu, tumbo na vidole kwa pamoja.

Sasa, kulikuwa na kopo moja lililofungwa kulekule mwezini, kwa makusudi, lisifunguliwe mpaka waje watu wenye vyombo bora kuliko vya wakati ule. Lilikaa miaka hamsini bila mtu kuligusa. Safari ya tano ilipotangazwa, Colquitt akapata ruhusa: kopo lifunguliwe, watu wajizoeze kupokea udongo mpya. Mpaka hapo Lavada hakuwa na neno. Lakini Colquitt alitaka alifungue yeye mwenyewe, mbele ya seneta mmoja ambaye kura yake ilihitajika ili safari isife kama zile nne.

Utaratibu wa pale haubadiliki. Hakuna sanduku linaloguswa na mtu mmoja. Mmoja anafanya, wa pili anashuhudia, na kabla mkono haujaingia shahidi anaandika kitabuni kwamba mikono ni safi, glavu ni nzima, kisha anatia sahihi. Na pete haivuki mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, hata iwe ya ndoa. Udongo wa mwezi una dhahabu kidogo mno, na chembe moja ya kwetu ikiingia haitoki tena. Siku hiyo shahidi alikuwa Lavada.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Seneta alisimama nyuma ya kioo na buti zake za ngozi ya mbuni. Colquitt alikuwa ameshavaa glavu nyembamba za ndani. Lavada akaona kinundu kwenye kidole chake cha kushoto.

"Pete, Daktari."

"Imegoma kutoka, Bi Lavada." Colquitt aliongea bila kuacha kutabasamu kuelekea kwenye kioo. "Nimetia sabuni, nimetia mafuta. Nimeizungushia utepe, na juu yake glavu mbili. Ya sanduku ni ya tatu. Itapitia wapi?"

"Nenda karakana wakukatie."

"Mheshimiwa ana ndege saa sita."

"Basi apande."

Seneta akauliza kwa kipaza sauti kama kuna tatizo.

"Hakuna, Mheshimiwa. Huyu mama yetu ni mtu wa sheria za kale." Kisha Colquitt akashusha sauti. "Tia sahihi, mama. Barua yako iko mezani kwangu. Usinifanye niisahau."

Lavada alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vya karatasi, akasonya.

"Lakini hebu niambieni," seneta akasema, "kipete kama hicho kinaweza kufanya nini? Kimewahi kuleta madhara?"

"Hata mara moja," Colquitt akajibu. "Miaka hamsini, rekodi zetu ni safi. Muulize yeye, ndiye aliyezitunza."

Lavada akakitazama tena kile kinundu.

Mwaka wake wa pili kazini aliolewa na Milton, Jumamosi, ukumbi wa kanisa Alvin, muziki wa kodiani mpaka jioni. Jumatatu akaja kazini na pete ya dhahabu yenye kijiwe kilichochomoza, na hakuwa na moyo wa kuivua. Akaizungushia utepe. Akavaa glavu mbili. Mchana, mkono ukiwa ndani ya sanduku juu ya sahani ya udongo, kijiwe kikatoboa glavu zote tatu. Tundu dogo. Alibadilisha glavu, akaandika kitabuni: Glavu imechakaa. Shahidi wake akatia sahihi huku anapiga miayo.

Baada ya miaka miwili msomi mmoja, Orrin Teague, alipewa gramu chache za udongo wa sahani ile, akakuta dhahabu nyingi kupita kawaida. Miaka tisa alitafuta dhahabu hiyo ilitoka sehemu gani ya mwezi. Aliandika, akahutubia, akachekwa na wenzake, na mwishowe akaacha kazi akaenda Lubbock kuuza bima. Lavada alisoma kila alichoandika, ukurasa kwa ukurasa. Akakunja karatasi, akarudi kwenye sanduku lake, akaendelea kuwadharau watu.

"Imewahi," Lavada alimwambia seneta.

Colquitt akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Ile dhahabu ya Teague," Lavada akasema, akihakikisha kipaza sauti kinamsikia. "Haikuwa ya mwezi. Ilikuwa ya duka la vito la Pearland. Pete yangu, utepe, glavu tatu. Kama hivihivi."

"Bi Lavada, unajua unachokisema?"

"Najua. Na sahihi sitii."

Seneta aliondoka na ndege yake. Colquitt akaenda karakana wakamkata pete kwa msumeno mdogo. Alhamisi akalifungua kopo mbele ya shahidi mwingine, kimya kimya, na udongo ukatoka safi. Lavada alilitazama kutoka nyuma ya kioo, katikati ya wageni, kwa sababu barua yake haikutiwa sahihi wala haingetiwa tena. Mwanamke mmoja wa Oklahoma akamuuliza kama ule udongo unanuka. Akamjibu kwamba hajui.

Aliomba kitu kimoja tu kabla ya kukabidhi kitambulisho, kitabu cha mwaka ule wa harusi yake. Pale hakuna kufuta. Unapiga mstari mmoja, yaliyokosewa yaendelee kusomeka, unaandika sahihisho, na shahidi anatia sahihi. Lavada akapiga mstari juu ya Glavu imechakaa. Chini yake akaandika: Pete. Yangu. Colquitt ndiye aliyekuwa karibu. Alivuta kitabu, alama nyeupe ya pete bado ikiwa kidoleni, akasoma mara mbili, ndipo akatia sahihi.

Lavada alitoa nakala ya ukurasa huo akaenda nayo Alvin. Asubuhi iliyofuata aliketi jikoni na karatasi na kalamu ili amwandikie Teague. Kwa kila mtu aliyewahi kumjua alikuwa na la kusema, na kwa huyu alikaa mpaka saa sita mchana karatasi ikiwa tupu. Mwishowe akaandika anwani ya Lubbock kwenye bahasha, akatia ndani ule ukurasa peke yake, akaifunga.