Joka la Kitabu cha Mwisho

Miaka ishirini na ushee nimekuwa joka. Msinicheke. Kaka yangu na dada yangu ni wachoraji wa majalada ya hadithi za ajabu, zile za majoka, malkia wenye pembe na milima inayoelea angani. Mimi kitinda mimba sikujaliwa mkono wa kuchora, nilijaliwa miguu ya kusimama. Basi nikasimama wanichore. Nimeshika ufagio ukawa mkuki, nimevaa sufuria ikawa kofia ya chuma, nimetandaza shuka mikononi likawa mbawa, mpaka mabega yananiuma hata usingizini.

"Nikae kidogo, Kaka?"

"Joka halikai. Nyoosha mkono."

Ndiyo zake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kibao cha bucha. Akachora ng'ombe mwenye mbawa, na mwenye bucha akafoka kwamba nyama yake itaruka kabla haijanunuliwa. Kaka akagoma kuzifuta. Siku moja mchapishaji wa vitabu akapita, akakiona kile kibao, akauliza ni kichaa gani huyu. Dada alikuwa bado shuleni, akaanza kumsaidia kupaka mbingu. Toka hapo hawakuachana: Kaka anachora viumbe, Dada anapaka kila kinachowazunguka, na chini wanaweka sahihi moja, Kaka anaianza, Dada anaimalizia.

Sifa walipata, pumziko hawakulipata. Kitabu kikitoka, kingine kimeshabisha hodi. Kaka hakuoa, eti nani atavumilia harufu ya tapentaini. Dada aliolewa, akarudi nyumbani, akashika brashi hata viatu hajavua. Sasa vijana wa kompyuta wanamaliza jalada chai haijapoa, na mchapishaji alishatwambia waziwazi: mkimaliza hadithi za joka la kijani, basi. Kilikuwa kimebaki kitabu cha mwisho. Kaka hakutaka kingine duniani ila kulimaliza lile joka kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama na shuka langu. Kaka akageuka, kiwiko kikagonga sinia la rangi, tyubu zikatawanyika sakafuni. Nikashusha mikono nimsaidie.

"Usiguse! Rangi zangu nazijua mwenyewe."

Haya. Akapiga magoti, akapapasa chini ya meza, akazirudisha moja moja kwenye safu yake. Huwa hasomi maandishi ya tyubu, mkono wake unajua kijani kinakaa wapi. Mimi nilidhani ni uzoefu tu. Akachora mpaka jua likahama dirisha, ndipo akaniruhusu nishushe mikono. Nikazunguka kwenda kutazama.

Lahaula! Joka lilikuwa zambarau. Gamba kwa gamba, kazi safi ya kutisha, zambarau tupu.

"Kijani kimekaa vizuri?" akaniuliza, huku anafuta vidole.

Kabla sijamjibu, Dada akaingia na vikombe vya chai, akaliona. Nikamkonyeza adanganye. Hakudanganya.

"Ni zambarau, Kaka."

"Acha utani wako."

"Nitanie nini? Huoni rangi. Vitabu viwili sasa nakurekebishia ukilala mchana, nakwambia nimegusa mbingu tu."

Nilijua atawaka. Wala. Akaketi kwenye kigoda, akauliza kwa sauti ndogo, "Na macho ya malkia, kwenye jalada lililopita?"

"Yale ni yako. Sikuyagusa."

Kaka akaiweka brashi chini. "Daktari alisema macho yangu yanafifia, hayatapona. Sikuwaambia. Nilikuwa nataka hili moja tu." Kisha akasema, "Lifute. Chora la kijani."

"Ng'o! Silifuti. Nitalitafutia mbingu yake."

Dada akapaka siku baada ya siku, macho yamemvimba kwa uchovu. Kaka yuko pembeni anaelekeza: weka moshi, weka machweo, mwanga uje kutoka nyuma. Wakagombana kama zamani. Ilipokwisha, lile joka likaonekana kama lilizaliwa na rangi ile. Kaka akaweka nusu yake ya sahihi kwa kupapasa, ikapinda. Dada akaipinda na yake ifanane.

Mchapishaji akaja, akasimama mbele ya turubai akikuna kidevu.

"Wasomaji wanalijua la kijani. Hili limepatwa na nini?"

Akilikataa, kwisha habari. Dada akafungua mdomo, Kaka akamwahi.

"Limezeeka."

Mchapishaji akacheka, halafu akaacha kucheka. Akalitazama tena, akalibeba.

Kesho yake nikaingia chumba cha kazi saa ile ile, shuka begani, kwa mazoea tu. Kaka alikuwa ameketi dirishani, mikono mapajani, haina rangi hata kwenye kucha. Akasikia hatua zangu.

"Leo kaa, mdogo wangu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nalisubiri neno hilo. Magoti yakagoma kukunjika. Nikabaki nimesimama mlangoni, nalia kama mjinga, naye akaniambia tena, taratibu, nikae.